Nchi Iliyoogopa Herufi Moja

Katika Jamhuri ya Timamu hadithi hazianzi kwa "Paukwa". Neno hilo lina W karibu na mkia, na mwenye akili zake hachezi na mkia. Sisi basi tuanze hivi: palikuwa na nchi, nchi ikawa na sikukuu, na sikukuu zikawa na wenyewe.

Zamani Watimamu walisherehekea kama watu wa kwingine. Siku ya Uhuru ikifika walipika pilau, wakacheza ngoma, watoto wakanywa soda mpaka wakacheua, na jioni kila mtu akarudi kwake akiwa yuleyule aliyetoka asubuhi. Mwaka mmoja Rais, enzi hizo bado akiitwa Rais tu, alikuwa jukwaani akitazama umati ukitafuna. Akaingiwa na uchungu. Akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," akasema, "nimewatazama mnavyokula, nikasikitika. Mwaka mzima umepita, sura ni zilezile, tabia ni zilezile, na yule mzee pale bado anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti! Sherehe isiyomwacha mtu bora kuliko ilivyomkuta si sherehe. Ni shibe!"

Makofi yalidumu mpaka pilau ikapoa. Wiki iliyofuata ikaundwa Wizara ya Kasoro na Sikukuu, na Rais akapata cheo cha Mrekebishaji Mkuu. Tangu siku hiyo hakuna aliyekata keki kabla majirani hawajamsomea tabia zake mbaya. Mwaka mpya watu hawakuulizana wamelalaje, waliulizana wameacha nini. Ukutani pa kila ofisi pakatundikwa kaulimbiu ya taifa: "Leo bora kuliko jana, kesho bora kuliko wewe."

Siku ya Uhuru yenyewe ikawa Siku ya Kujirekebisha. Kila mtu mzima alipanda jukwaa la kata yake, akataja kasoro yake moja na kuahidi kuiacha. Mwaka wa pili alipanda tena kuonyesha kwamba ameiacha, kisha akataja nyingine. Jambo jema kabisa, na aliyesema si jema hayupo tena wa kumuuliza.

Aliyetimiza ahadi alikuwa amejirekebisha. Aliyeshindwa, alirekebishwa. Yatazame maneno hayo mawili. La kwanza lina "ji" kifuani, maana yake mtu kajifanyia mwenyewe. La pili limepoteza "ji" likaota W mkiani. Watimamu wote waliishi katikati ya hayo mawili, wameshika roho zao mkononi.

*

Gari lililobeba watu kwenda kurekebishwa lilikuwa la kijivu, halina dirisha, lina herufi moja tu ubavuni. Likipita mtaani akina mama waliwavuta watoto ndani na kunong'ona, "W imepita." Haukupita muda woga ukatoka kwenye gari ukaingia kwenye maneno. Wali walikula kama kawaida, maana W ya mwanzo haina ubaya. Waliyoikimbia ni ile ya mkiani. Bibi harusi hakusema ameolewa, alisema, "Kuna kijana kanioa." Mtu hakualikwa, watu walimwalika. Watoto wakaacha kuzaliwa, mama zao wakawa wanawazaa tu. Hata ile methali ya mwenzako akinyolewa waliigeuza: "Wakimnyoa mwenzako, zako tia maji." Na kila mtu alikuwa akitia maji.

Waliobaki wakizitumia W bila hofu walikuwa wakubwa. Redio ya taifa ilikuwa imejaa W kuanzia alfajiri: imeamuliwa, imeagizwa, imebainishwa, imekatazwa. Imeamuliwa na nani? Imekatazwa na nani? Hakukuwa na sheria iliyozuia kuuliza. Watu hawakuuliza tu, kama vile mgeni humuulizi anaondoka lini.

Katika kata iliyoitwa Nyooka aliishi Kondo Mlawa, mpiga tarumbeta wa Bendi ya Manispaa, umri wake wa kuitwa mzee na vijana na kijana na wazee. Tarumbeta lake lilikuwa lile nene la shaba ambalo mpigaji hulivaa mwilini. Siku ya Kujirekebisha kazi yake ilikuwa moja. Mtu akifaulu, bendi nzima ilipiga wimbo wa furaha. Mtu akishindwa, bendi ilinyamaza, na Kondo peke yake alipiga sauti moja nene, ndefu, ya chini, ya kuita gari.

Alimpigia hata rafiki yake. Sefu Mandondo, mpiga ngoma wa bendi hiyohiyo, aliahidi kuacha kuchelewa. Mwaka mzima alijitahidi, na siku ya siku alifika uwanjani wakati hata jogoo bado anajinyoosha. Walipomwita jina, akapiga chafya. Kwa sababu ya chafya akachelewa kuitika. Dakta Nyange, Katibu Mkuu wa Wizara, akamtazama Kondo, na Kondo akapiga. Alipiga huku machozi yakimtiririka, lakini alipiga, tena hakukosea.

*

Sasa tatizo la Kondo lilikuwa hili: kasoro zilikuwa zimemwishia.

Walevi hawakuwa na taabu. Jirani yake, Chande, alikuwa na aina za pombe za kuacha mpaka kaburini, moja baada ya nyingine, na kila mwaka alishuka jukwaani kwa makofi huku akinuka ile ya mwaka ujao. Wazazi waliona mbali wakawafundisha watoto wao kung'ata kucha mapema, wapate cha kuacha ukubwani. Lakini Kondo alikuwa mtu wa kawaida, kasoro zake za kawaida, na alizitumia bila hesabu. Mwaka wa kwanza aliacha kukoroma. Mkaguzi wa Wizara alikaa sebuleni kwao wiki nzima, akinywa chai yao na kutega sikio. Tangu hapo Kondo alilala ameketi kwenye kiti, mgongo ukutani, na mkewe akimfinya kila pumzi ilipotaka kupiga kelele. Kisha aliacha kuwakatiza watu maneno. Akaacha kusema "kesho". Akaacha wivu. Mwaka jana aliacha kufyonza chai kwa mdomo.

Mkewe aliitwa Siwema, jina alilopewa na bibi yake kwa sababu za bibi yake. Yeye aliwahi kuponea kwa jina hilohilo: mwaka mmoja alilitaja kuwa kasoro yake. Wizara iliona haiwezekani raia wa Timamu atembee mchana kweupe akitangaza kwamba si mwema, ikambadilisha, akawa Niwema kwenye kitambulisho. Nje alikuwa Niwema. Mlango ukifungwa, Kondo alimwita Siwema, kwa sauti ya chini.

Sikukuu ilipokaribia, balozi wa nyumba kumi, Bi Hidaya, alikuja kuwasalimu na sahani ya kaimati. Bi Hidaya alikuwa na sauti ya kubembeleza watoto. Ndiyo maana watu walimwogopa.

"Shemeji Kondo," alisema akijitengenezea nafasi kwenye mkeka, "mwaka huu una nini?" Aliuliza kama anayeuliza mnapika nini.

"Nafikiria, balozi."

"Fikiria haraka, shemeji yangu. Mwaka huu Mrekebishaji Mkuu mwenyewe anakuja Nyooka. Imepangwa kata yetu ing'ae."

Kondo aliokota kaimati moja. "Na kama mtu... kama mtu hana tena?"

Bi Hidaya alicheka taratibu. "Hana kasoro? Ina maana yeye ni sawa na Mrekebishaji Mkuu. Hicho ni kiburi, shemeji. Na kiburi si kasoro ya kuahidi. Ni kasoro ya kufuatwa nyumbani." Akafuta vidole kwa ukingo wa kanga. "Kuleni kaimati, zisipoe."

Alipotoka, Kondo alibaki ameishika kaimati yake. Sukari ilikuwa ikimchirizika mkononi mpaka kwenye kiwiko, naye hana habari.

"Usiogope, baba," Siwema alisema.

"Nani anaogopa?" Kondo aliruka, akatazama dirishani. "Usilitamke neno hilo humu ndani. Watimamu hawaogopi! Hukusikia redioni? Mtu akisema anaogopa, ni kama amesema kuna mtu wa kuogopa."

"Basi keti. Unatetemesha mkeka."

*

Waliketi wakatafuta kasoro, kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka. Siwema alisema aseme anakula pilipili nyingi. Kondo akasema mkaguzi atamletea sahani ya pilipili. Siwema akasema aseme anampenda mno mkewe. Kondo akauliza, na mwakani je, nitathibitishaje? Mwishowe Siwema akapiga paja.

"Kusahau! Sema unasahau. Nani atakupima? Ukisahau, utasema umesahau kwamba uliahidi."

Kondo alimtazama mkewe kwa shukrani ya mtu aliyevutwa kisimani. Wakaanza mazoezi palepale. "Kasoro yangu mpya ni kusahau. Naahidi kujirekebisha." Siwema alimkazia hiyo ji. "Iseme vizuri, baba. Ji. Ji. Ulimi usiteleze." Akarudia mpaka mate yakakauka.

Walikuwa katika hali hiyo hodi ilipopigwa. Alikuwa Sefu.

Sefu alikuwa amerudishwa miezi michache nyuma. Waliorekebishwa walirudi wazima, hakuna aliyevunjika hata ukucha. Walirudi na mashati meupe na tabasamu. Hawakuchelewa, hawakukohoa, hawakuudhi mtu. Mke wa Sefu alivumilia siku chache, kisha akahamia kwa dada yake, akisema hawezi kulala nyumba moja na mtu asiyejikuna.

"Karibu, Sefu, ndugu yangu," Kondo alisema. "Habari za siku?"

"Nimesalimiwa, nimefurahishwa," alisema Sefu. Akasimama mpaka alipoonyeshwa kiti. "Nimeketishwa."

Siwema alimmiminia kahawa. Sefu akainywa yote kwa mkupuo mmoja, ingali ya moto, bila kupepesa jicho. "Nimenyweshwa," akasema. "Nimeburudishwa."

Huyu ndiye Sefu aliyekuwa akipiga ngoma mpaka vigoli wanapoteza viatu. Aliyekuwa akiingia nyumbani humo bila hodi, anafunua sufuria, anauliza hivi mnakula peke yenu mmekuwa mahakimu? Kondo aliona aibu kumtazama. Zaidi ya aibu, alimwogopa. Alikuwa akiiona sura yake mwenyewe juu ya shati lile jeupe.

"Umekuja kututembelea?" Siwema aliuliza.

"Nimeletwa kuwasalimu."

"Umeletwa na nani?"

Alilisema kama mtu anavyosema "mambo", bila kuwaza. Kondo alimshika mkono kumnyamazisha, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Tabasamu la Sefu lilibaki lilivyo, ila nyuma yake kikaanza kusogea kitu. Kikombe kikagonga kisahani, tiki, tiki, tiki.

"Na..." alisema Sefu. "Nimeletwa na..."

Midomo yake ilitafuta, kama mtu aliyelisahau jina la mama yake. Chozi moja likamtoka jicho moja. Kisha akasimama ghafla, akautazama mlango.

"Nimechelewa," akasema.

Akatoka. Kondo na Siwema walibaki wametazamana. Neno hilo lilikuwa na W mkiani, lakini hakuna aliyemchelewesha; amechelewa mwenyewe.

"Mwanamke wewe," Kondo alinong'ona, "unataka kutuua? Usirudie swali hilo maisha yako yote."

"Mimi nimeuliza tu," alisema Siwema. "Mtu akiletwa, si lazima awepo aliyemleta?"

*

Siku ya Kujirekebisha kata ya Nyooka ilipakwa rangi nyeupe mpaka mawe ya barabarani. Mbuzi walifungiwa wasije wakaonyesha tabia. Uwanjani jukwaa lilikuwa limepambwa kwa mapazia, na nyuma ya kiti cha Mrekebishaji Mkuu ilisimamishwa picha ya Mrekebishaji Mkuu, kubwa kama nyumba, ikicheka. Mbele kabisa, kwenye viti vyeupe, waliketishwa Waliorekebishwa wa kata nzima, ili wageni wayaone matunda. Pembeni gari la kijivu lilikuwa linanguruma bila kwenda popote.

Kondo alikuwa amevaa tarumbeta lake. "Kusahau," alijisemea. "Kusahau, kusahau, kusahau."

Ulipopigwa wimbo wa taifa, Waliorekebishwa wote walisimama kwa pamoja. Wote isipokuwa mmoja. Sefu Mandondo alisimama nyuma kidogo ya wenzake, kitambo cha kupepesa jicho. Kondo aliiona ile hatua iliyochelewa, na nusura akose noti.

Mrekebishaji Mkuu alifungua sherehe kwa kutaja kasoro yake, maana yeye alikuwa mfano kwa wote. "Kasoro yangu," alisema kwa masikitiko, "ni kuwapenda wananchi kupita kiasi na kufanya kazi bila kupumzika. Niliahidi mwaka jana kuiacha. Nimeshindwa!" Makofi, vigelegele. Ilikuwa mwaka wa ngapi sijui anashindwa, na kila mwaka alipewa nishani.

Wakafuata wananchi. Chande aliacha pombe ya mnazi. Mwalimu mmoja aliacha kupiga miayo. Bibi mmoja aliacha kusema na kuku. Bendi ikapiga, ikapiga, na Kondo akatamani orodha ya majina isiwe na mwisho. Lakini hakuna orodha isiyo na mwisho, ila madeni.

"Kondo Mlawa!"

Alilivua tarumbeta, akapanda. Kwanza aliletewa chai ya moto kuthibitisha ahadi ya mwaka jana. Akainywa bila sauti. Iliunguza ulimi, ikaunguza koo, ikaunguza na kitu kingine ndani zaidi. Dakta Nyange alitega sikio karibu na mdomo wake, kisha akainua kidole: amefaulu.

"Kasoro mpya?"

Kondo alifungua mdomo. Alimwona Mrekebishaji Mkuu akimtazama, na juu ya kichwa chake picha nayo ikimtazama. Aliliona gari. Aliliona shati jeupe la Sefu. Akalitafuta lile neno lake, neno moja tu, alilolirudia tangu juzi. Halikuwapo. Alitafuta huku na kule kichwani mwake, akakuta pako wazi. Alikuwa amesahau kusahau.

Chini, kwenye umati, Siwema alikuwa akipigapiga kichwa chake kwa kidole kumkumbusha. Kondo akadhani anamwambia amekuwa mwendawazimu.

"Kasoro mpya, Bwana Kondo!"

"Naogopa," alisema Kondo.

Alilisikia neno hilo kwenye vipaza sauti vyote likizunguka uwanja, likigonga ukuta wa shule, likirudi. Naogopa, opa, pa. Uwanja ukawa kimya hata ungesikia mbuzi wakitafuna huko walikofungiwa.

Dakta Nyange aligeuka rangi. Kasoro hiyo haikuwamo katika mwongozo wa Wizara. Alijua pia kwamba ikiandikwa hivyo, kichwa kitakachotafutwa ni cha Katibu Mkuu. Akainama, akanong'ona akisahau kwamba kipaza sauti ki wazi: "We bwana, mtu haogopi hivihivi! Hiyo ni kazi ya maadui. Sema umetiwa woga. Sema upesi, sote tupone!"

"Nimetiwa woga," alisema Kondo, kwa sauti iliyokwisha kabla ya sentensi.

"Ahaa!" Dakta Nyange aliugeukia umma akipangusa jasho. "Mwananchi huyu ametiwa woga. Wizara inasikitika. Atachukuliwa, atarekebishwa, atarudishwa akiwa shupavu. Bendi!"

Bendi haikupiga. Sauti ile nene ilikuwa ya tarumbeta la Kondo, na Kondo alikuwa jukwaani. Wakatazamana. Utaratibu ni utaratibu, gari haliendi bila sauti. Mwishowe wakamletea tarumbeta lake palepale, wakamvisha.

"Tafadhali, Bwana Kondo," alisema Dakta Nyange. "Jipigie."

Kondo aliweka midomo. Midomo ilitetemeka kiasi kwamba haikushika shaba. Akapuliza, ikatoka hewa tupu, fuuu, kama mtu anayepoza uji. Akajaribu tena. Hofu ilikuwa imekula pumzi yote. Na katika ukimya huo, kutoka viti vyeupe, mtu aliuliza.

"Na nani?"

Alikuwa Sefu. Alikuwa amesimama. Hakutabasamu.

"Kondo ametiwa woga," alisema polepole, kama anayejifunza kutembea. "Na nani?"

Dakta Nyange aliwapungia vijana wa gari. Wakashuka, warefu, na miwani myeusi. Wa kwanza alipofika mbele ya Sefu, Sefu akamuuliza, bila ukali wowote, "Umetumwa na nani?"

Kijana alisimama. Katika kazi yake alishaona watu wakilia, wakikimbia, wakijikojolea. Hakuwahi kuulizwa kitu. "Na mkubwa wangu," alijibu kwa mazoea ya adabu, akageuka kumtazama mkubwa wake.

"Naye ametumwa na nani?" aliuliza mwanamke mmoja wa viti vyeupe, akisimama. Akasimama mwingine, na mwingine. "Na nani?" Mkubwa akamtazama kamanda. Kamanda akamtazama Dakta Nyange.

"Mimi nimeagizwa!" Dakta Nyange alipiga kelele.

"Na nani?"

Katibu Mkuu hakuwa shujaa, tusimsingizie. Shingo yake tu iligeuka yenyewe, kidogo kidogo, kuelekea kiti kikubwa. Uwanja mzima ukaifuata shingo hiyo. Mrekebishaji Mkuu alipoona macho yote yamefika kwake, naye, kwa mazoea ya nchi yake, akageuka nyuma kumtazama wa juu yake. Nyuma palikuwa na picha yake mwenyewe, ikicheka.

Akageuka tena mbele. Kwa mara ya kwanza Kondo aliona uso anaoujua. Aliuona kwenye kioo kila asubuhi akinyoa ndevu. Mtu yule alikuwa anaogopa.

"Mimi," alisema Mrekebishaji Mkuu, na sauti ikapanda kutafuta ile ya hotuba, "mimi nimetumwa na wananchi!"

Mikono ilianza kupiga makofi kwa mazoea, ikafa njiani. Watu walitazamana. Wananchi ndio wao.

"Mimi?" alisema Siwema. Hakupaza sauti, lakini uwanja ulikuwa kimya mno. "Mimi maisha yangu nimemtuma mtu dukani tu. Tena chumvi."

Akacheka mtu mmoja. Nadhani ni Chande. Kisha ikawa haijulikani tena nani anacheka na nani analia.

*

Mrekebishaji Mkuu aliondolewa uwanjani kwa usalama wake. Redio ilitangaza kwamba sherehe za kata ya Nyooka zilifana sana, na kwamba zimeahirishwa kutokana na mvua kubwa. Jua lilikuwa utosini. Na katika nyumba moja, kisha nyumba ya pili, kisha mtaa mzima wenye redio, watu wakaziinamia redio zao wakauliza, "Zimeahirishwa na nani?"

Kondo hakuyasikia hayo. Siwema alikuwa amemshika mkono kumrudisha nyumbani, tarumbeta likiwa bado mwilini, maana hakuna aliyekumbuka kumvua. Kondo alifunga mlango, akafunga komeo, akasukumiza na meza. Hakuona ushindi wowote. Aliona kwamba amesema neno lile mbele ya nchi nzima, na kwamba gari la kijivu halikuwa moja tu.

Kweli, alasiri ileile likaja moja. Lilisimama mbele ya nyumba yao, likanguruma. Kondo aliketi kwenye kiti chake, mgongo ukutani, akakumbatia shaba. "Wamekuja, Siwema," alisema. "Nirudi nikuite kwa jina lipi? Nitakukumbuka?" Akalia waziwazi, na mkewe akalia naye, maana hakuwa jiwe.

Kisha Siwema akajifuta kwa kanga, akafungua dirisha.

"Hujambo, baba!" alimwita dereva. "Umetumwa na nani?"

Dereva alikuwa kijana mwembamba. Alitazama mbele, akatazama nyuma, akatazama ile karatasi yake. Ilisema: *Imeagizwa.* Akaigeuza upande wa pili. Upande wa pili haukuwa na kitu. Akakuna kichwa kwa muda mrefu.

"Ngoja nikaulize, mama," alisema. Akashuka, akaliacha gari palepale likinguruma, akaenda kwa miguu kumtafuta wa kumuuliza.

Hakurudi. Mafuta yaliisha, gari likanyamaza. Kondo alikaa akilisikiliza hilo likinyamaza, haamini. Kisha akavua tarumbeta, akasogea mpaka kitandani, akajilaza chali kama watu, mlango ukiwa bado umezuiwa na meza na moyo ukiwa bado unakwenda mbio. Haukupita muda akaanza kukoroma, kwa nguvu zote za mpiga tarumbeta. Siwema aliketi kando yake, macho dirishani. Hakumfinya.

Hadithi imeishia hapo, wala mimi simo. Nimehadithiwa tu.

Na nani?

Ngoja nikaulize.